Futa huo mstari wa tranki kabla hujautuma Gulu

Ndugu yangu, futa huo mstari. Salamu baadaye. Ule wa nne kutoka chini kwenye skripti uliyobandika: `switchport trunk allowed vlan 50`, unaogusa tranki, ile njia inayobeba mitandao kadhaa kwenye kebo moja. Ukiutuma Jumamosi usiku kama ulivyopanga, wewe kitandani Ntinda hapa Kampala na swichi ya mtandao iko Gulu, Jumapili asubuhi utakuwa Karuma, njiani kwenda huko, unatazamana na nyani wa darajani, begi la nyaya mapajani.

Kwa waliofika sasa hivi: mwenzetu ana swichi nne za shule moja, mbili Huawei, moja Cisco Catalyst 2960 ya mtumba na moja Cisco SG300. Anataka kuongeza VLAN 50 ya kamera (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile) kwenye zote kwa mkupuo mmoja kwa kutumia Netmiko, maktaba ya Python ya kutuma amri kwenye vifaa vya mtandao. Kuna fundi amemwambia aandike `huawei` kwa zile mbili, `cisco_ios` kwa hizi nyingine, kisha alale, dereva wa programu (kile kipande cha Netmiko kinachozungumza na aina hiyo ya kifaa) atajua mwenyewe la kufanya. Ameuliza pia habari za chelezo (nakala za akiba) na za PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao). Nitafika huko.

"Dereva atajua mwenyewe." Maneno hayo nimeyasikia kabla yako, tena kwa kulipia. Mafunzo ya wikendi mbili hapa Kampala, mwalimu kiatu kinang'aa, slaidi zenye rangi, chai na mandazi. Akasimama akasema dereva ndiye mkalimani: wewe andika kwa lugha moja, yeye atamfasiria kila kifaa. Nikaandika kwenye daftari na kupiga mstari chini, mara mbili. Daftari ninalo mpaka leo, naliwekea kikombe. Mwalimu naye nilimpigia simu baada ya yaliyonipata, akaniambia "inategemea mazingira". Mazingira! Laki nne zangu za ada hazikutegemea mazingira.

Dereva si mkalimani, ni dereva. Chukua dereva wa taksi ya Mbarara pale stendi. Anajua njia, anajua asimame wapi, anajua kondakta aseme nini kwenye kizuizi. Kilichomo kwenye gunia lako hakimhusu. Ukipakia mihogo atafikisha mihogo, ukipakia mavi ya kuku atafikisha mavi ya kuku. Dereva wa Netmiko ni huyo huyo. Anajua namna ya kuingia kwenye kifaa, anajua alama inayoashiria kuwa kifaa kimemaliza kujibu, anajua kuzima kurasa ili jibu litoke lote kwa mkupuo (Cisco ni `terminal length 0`, Huawei ni `screen-length 0 temporary`), anajua kuingia sehemu ya usanidi na kuhifadhi. Ule mstari wako anaufikisha vilevile ulivyoandikwa. Hata NAPALM, maktaba nyingine ya kazi hii ambayo wengi hapa mnaisifu, inasawazisha usomaji tu: ukiita `get_facts` utapata majibu ya sura moja kwa kila kifaa inachokimudu. Ukija kwenye kuandika, usanidi unaopakia ni wa lugha ya kifaa chenyewe.

Sasa sikia kilichonipata mimi.

Mteja wangu alikuwa na ghala Mbarara, kama kilomita 270 kutoka hapa. Swichi yao ya Huawei iliungua na radi, nikawapelekea 2960 ya mtumba niliyoinunua mjini. Nikaifunga vizuri, VLAN 10 ya ofisi, 20 ya mashine za malipo, 99 ya mimi kuingilia kutoka mbali. Nikarudi Kampala kifua mbele. Wiki mbili baadaye wakataka kamera, VLAN 40. Mimi tayari nilikuwa na skripti yangu ya siku za Huawei, ina mstari huu: `port trunk allow-pass vlan 40`. Nikaugeuza neno kwa neno kuwa wa Cisco: `switchport trunk allowed vlan 40`. Maana ni moja, si ndiyo? Ruhusu VLAN 40 kwenye tranki.

Siyo moja. Tranki ya Huawei inaanza mlango umefungwa, inapitisha VLAN 1 peke yake, na kila `allow-pass` unayoandika inaongeza juu ya zilizokuwapo. Tranki ya Cisco inaanza mlango wazi, inapitisha zote, na ukiandika `allowed vlan 40` unaiambia: kuanzia sasa ni 40 peke yake, wengine wote nje. Kuongeza kuna neno lake, `switchport trunk allowed vlan add 40`. Neno lenyewe ni la herufi tatu. Mimi nililipia kila herufi nauli ya kilomita 90, na hiyo ni kwenda tu.

Ijumaa, saa moja na nusu jioni. Nimekaa na rolex yangu (chapati ya mayai) mkononi, nikabonyeza. Skripti ikaingia kwenye swichi, nikaona jina lake, nikaona imeshika `interface GigabitEthernet0/1`, ile poti ya kwenda kwenye ruta. Mstari unaofuata ukatoka. Halafu kimya. Kishale kinapepesa tu. Nikang'ata rolex. Kishale kinapepesa. Baadaye ikatema maneno mengi mekundu, mwishoni `Pattern not detected`, yaani dereva anasubiri jibu kutoka kwa swichi ambayo mimi mwenyewe nimeikata njia. VLAN 99 ilikuwa imetupwa nje pamoja na ya 10 na ya 20. Simu ya kwanza kutoka ghalani iliingia kabla sijameza.

Mashine za malipo zimekufa, Ijumaa jioni, malori yamepanga foleni. Nikafanya alichofanya kila mjinga kabla yangu, nikapanda basi la usiku. Pale Lukaya wenzangu wananunua kuku wa mshikaki dirishani, mimi nasoma mwongozo wa Cisco kwenye simu yenye chaji asilimia kumi na moja.

Nikafika alfajiri. Nikafungua kabati, nikatoa ile kebo bapa ya buluu ya konsoli, ya kuingia kwenye swichi moja kwa moja bila mtandao, upande mmoja umeingia kwenye swichi, upande wa pili ni ile plagi pana ya matundu tisa. Laptopu yangu haina tundu hilo tangu ilipozaliwa. Adapta ya USB iko wapi? Kampala, kwenye droo, juu ya lile daftari.

Nimechuchumaa pale, taa ya simu mdomoni. Askari wa ghala, mzee aliyestaafu jeshi, amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini: "Mkubwa, hii kitu umeizima kwanza?" Nikamwangalia kwa dharau ya mtu mwenye cheti. Akaweka kikombe chini, akachomoa waya wa umeme, akanywa funda moja, akaurudisha.

Taa ya SYST ikapepesa kijani dakika kadhaa. Poti zikawaka rangi ya machungwa, zikakaa hivyo kama nusu dakika (hiyo ni spaningi trii inahakikisha hakuna kitanzi, kwa hiyo usikimbilie kuchomoa kebo ukadhani imekufa), halafu kijani, moja baada ya nyingine. Mashine za malipo zikaamka.

Kwa nini? Kwa sababu skripti yangu ilikufa kabla ya kufika kwenye mstari wa kuhifadhi. Usanidi mbovu ulikuwa kwenye kumbukumbu ya muda tu, ule mzuri umelala salama kwenye flashi. Ningempigia yule mzee simu saa mbili usiku, achomoe, ahesabu hadi kumi, arudishe, ningelala kwangu. Mteja alinikata nusu ya malipo ya mwezi. Yule mzee nilimwachia hela ya chai, na bado naona nilimpunja.

Sasa, jambo moja tu nataka ulishike, mengine yote unaweza kuyatupa. USIGUSE SWICHI YA MBALI KABLA HUJAITEGEA SAA YA KUJIZIMA NA KUJIWASHA. Hifadhi kwanza usanidi mzuri uliopo. Halafu kwa 2960 tuma `reload in 10`. Itakuuliza uthibitishe, kwa hiyo kwenye Netmiko tumia `send_command_timing` ili uweze kujibu, la sivyo utakwama hapo hapo. Ndipo utume mabadiliko yako, bila kuhifadhi. Fungua muunganisho mpya kabisa, ule wa zamani usiuamini. Ukiingia, na mtu wa kule akakwambia kila kitu kinafanya kazi, `reload cancel`, ndipo uhifadhi. Usipoingia, tulia, kunywa chai. Ndani ya dakika kumi swichi itafanya yenyewe kazi ya yule askari. Huawei ni `schedule reboot delay 10`, na kufuta ni `undo schedule reboot`. Wanaoweka mstari wa kuhifadhi ndani ya skripti hiyo hiyo ya mabadiliko, jamani, mnaiba betri ya saa yenyewe.

Kuna mchangiaji hapo juu amekwambia uhamie NAPALM kwa sababu `compare_config` itakuonyesha hatari kabla ya kutuma. Kwa IOS, mfumo ulio ndani ya 2960 yako, ukitumia njia ya kuunganisha, `load_merge_candidate`, itakuonyesha mstari wako na alama ya kujumlisha mbele yake. Basi. Haitakuonyesha kutoa kwa VLAN zinazotupwa nje, kwa sababu tofauti inaona mistari, haijui mstari huo unafanya nini ukishafika. Nimeijaribu mezani baada ya Mbarara. Kajumlisha kamoja kazuri, hakana hatia yoyote. Na hizo Huawei zako hazimo kwenye madereva ya msingi ya NAPALM hata hivyo.

Halafu hiyo SG300. Dereva huchaguliwa kwa mfumo ulio ndani ya kifaa, nembo ya usoni isikudanganye. SG300 imeandikwa Cisco lakini ndani si IOS, amri zake zinafanana tu kama binamu, na Netmiko ina dereva wake, `cisco_s300`. Ukiipa `cisco_ios` inaweza kukubali kuingia vizuri kabisa halafu ikakugeuka katikati. Ile 2960 ya mtumba nayo, andika `show version` uangalie jina la faili la mfumo. Kama halina `k9` ndani yake, hiyo haina SSH (njia ya kuingia kutoka mbali kwa usiri), ni Telneti tu, isiyoficha kitu, mrudishie aliyekuuzia kabla hajahama duka.

Chelezo na PoE nilisema nitafika, ila dakika zangu zimekwisha na bosi ananiangalia. Wewe ingia kwenye ile 2960 ya Gulu leo, kwa kusoma tu, uandike `show interfaces trunk`, ubandike hapa jibu lote. Nataka kuona VLAN ngapi zinapita kwenye ile poti ya ruta kabla hujagusa chochote.