Maswali ya Wasomaji: Jirani Yetu Anayeomba Hifadhi Ana Haki Gani?

SWALI: Katika ploti yetu hapa Kayole, Nairobi, anaishi mama mmoja aliyetoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, pamoja na watoto wake watatu. Anajitegemea kwa kuuza vitenge mtaani. Kibali chake cha mwomba hifadhi kimepitwa na muda, naye anaogopa kwenda kukihuisha, kwa kuwa mara mbili amesimamishwa njiani na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa, akatozwa pesa ili aachiliwe. Mtoto wake wa miaka kumi na miwili amekataliwa katika shule moja kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Sisi majirani tunataka kumsaidia, lakini hatujui sheria inasemaje wala tuanzie wapi. — Jirani, Kayole

JIBU: Dada yangu, tuanze na kile kibali, kwa sababu ndicho kinachompa hofu na ndicho wanachokitumia wale wanaomnyang'anya pesa. Kenya imeridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 pamoja na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, na kanuni iliyo kiini cha mikataba hiyo, ambayo pia imo katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, ni kwamba mtu harudishwi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Kanuni hii humlinda hata yule ambaye ombi lake bado halijaamuliwa. Kibali kupitwa na muda hakufuti ombi la jirani yako, ingawa kunamwacha bila kitu cha kuonyesha anapoulizwa, na kila wiki inayopita inamweka pabaya zaidi.

Kwa hiyo afike katika ofisi ya Idara ya Huduma za Wakimbizi inayohudumia wakazi wa Nairobi, akiwa na kibali cha zamani na karatasi zote alizonazo, aeleze kwa ukweli kwa nini amechelewa. Hapa ndipo majirani mnaweza kufanya jambo kubwa bila gharama: mmoja wenu aandamane naye, akae naye katika foleni, na mwingine abaki na watoto. Mtu aliyekwisha kutishwa njiani huhitaji mwenzake wa kutembea naye kuliko anavyohitaji ushauri. Kabla ya kutoka nyumbani, pigeni picha za karatasi zake kwa simu na mtoe nakala, maana karatasi moja iliyolowa mvua inaweza kumrudisha nyuma miezi mingi. Tena mfahamishe kwamba kusajiliwa na kuhuisha kibali ni huduma ya bure, na huduma za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, nazo ni za bure. Yeyote anayedai malipo ili jina lisogezwe mbele, au anayejigamba kwamba anaweza kumpeleka mtu Ulaya au Marekani kwa ada fulani, ni mwizi, na nimeumia sana kusoma barua za watu waliouza kila walichokuwa nacho ili kumlipa mtu wa namna hiyo.

Kuhusu anayemtoza pesa, Katiba ya Kenya, Ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa, awe raia au mgeni, haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Akikamatwa, nendeni kituoni mkiwa wawili au watatu pamoja na mzee wa Nyumba Kumi, muulize kwa heshima ni kosa gani limeandikwa katika kitabu cha matukio. Malalamiko dhidi ya polisi hupokelewa na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi. Kwa msaada wa wakili, yapo mashirika kama Kituo cha Sheria, ambalo lilikwenda Mahakama Kuu kupinga agizo la serikali la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini, na mwezi Julai 2013 Jaji David Majanja akalibatilisha. Hata hivyo, sera ya makambi haijaondoka, na anayeishi mjini bado anaweza kuulizwa kwa nini hayuko Kakuma au Dadaab. Hilo pia alizungumze na wakili mapema, hasa kama ana sababu za matibabu au usalama.

Suala la shule ni jepesi zaidi kisheria. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haisemi kila mtoto Mkenya. Mpeleke mama kwa mwalimu mkuu akiwa na karatasi inayoorodhesha watoto wake na ripoti yoyote ya shule ya Kongo. Akikataliwa tena, ombeni jibu kwa maandishi, kisha mlipeleke katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Muangalie pia mtoto asirudishwe madarasa mengi nyuma kwa sababu tu amesoma kwa Kifaransa. Mtoto wa miaka kumi na miwili akiketishwa na wa miaka minane huacha shule kwa aibu.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, mkimbizi kutoka Burundi ninayetambuliwa, ninaishi Nakuru. Nimeambiwa naweza kuacha hadhi ya ukimbizi nikawa mkazi wa kawaida kwa kuwa nchi yangu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Je, ni kweli? — Fundi, Nakuru

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa nchi mwanachama kuiacha hadhi hiyo kwa hiari yake ili anufaike na haki za Jumuiya, zikiwamo za kufanya kazi. Lakini kunufaika huko kutakutaka uwe na hati za nchi yako, yaani uende katika ubalozi wa serikali uliyoikimbia, na ukishajiweka tena chini ya ulinzi wake kwa hiari, unapoteza ulinzi wa mkimbizi. Kama kilichokukimbiza bado kipo, nakusihi usifanye hivyo kwa sababu ya leseni ya biashara tu. Mkimbizi anayetambuliwa anaweza kuomba kibali cha kazi cha daraja la M, na njia hiyo haikutaki uache ulinzi wako. Kabla ya kutia saini karatasi yoyote, muulize wakili jambo moja hasa: mkeo na watoto walioandikwa chini ya jina lako watabaki na hadhi gani.