Siala (kwa Kijaluo) na lusiola (kwa Kiluhya), mti mmoja wa kienyeji wenye majina mawili: majibu kwa maswali yenu

*Ua la nyumba yangu hapa Kondele limejaa maua ya manjano. Je, huu ni siala? Nichume mbegu?*

Usichume kwanza. Maua peke yake hayatoshi, maana tekoma, kile kichaka cha kigeni kutoka Amerika, kina maua yanayofanana mno na ya siala. Shika jani. La tekoma lina meno ukingoni kama msumeno. La siala ni kubwa, na kikonyo chake kinapoungana na tawi utaona vijani viwili vya mviringo kama masikio. Ganda la siala nalo ni refu kama mkono wa mtu mzima, jembamba, linaning'inia kwa vishada. Miaka michache iliyopita niliuziwa miche kumi barabarani kwa jina la siala, yote ikawa tekoma. Tangu hapo sinunui mche kabla ya kulisoma jani.

*Miche ya lusiola inauzwa wapi Kakamega?*

Swali hili huja kila mwezi, na mara nyingi anayeuliza ana lusiola kwenye mpaka wa jirani yake. Mwombe. Vuna maganda yakishakuwa ya kahawia lakini kabla hayajapasuka, kwa sababu yakipasuka mtini upepo unabeba kila kitu. Yaanike juu ya gunia mpaka yafunguke yenyewe. Mbegu utakazopata ni nyepesi, zina mbawa zinazong'aa kama za kumbikumbi. Usizichemshe wala kuzikwaruza. Zisambaze kitaluni zikiwa bado mpya, funika kwa udongo mwembamba sana, weka kivuli, na mwagilia taratibu zisisombwe. Ndani ya wiki mbili hadi nne zitachipua. Mvua ikinyesha, angalia pia chini ya mti mama: huenda miche iko tayari na ng'ombe wanaikanyaga.

*Siala unachukua miaka mingapi?*

Kufikia nini? Fito, nguzo au mbao? Na shamba liko wapi? Andikeni kikamilifu. Kwenye udongo mzuri wenye mvua ya kutosha unakua haraka. Kwenye udongo unaotuamisha maji utadumaa.

*Nipande lusiola ndani ya mahindi, Butere?*

Panda mpakani. Mizizi yake huelekea chini zaidi kuliko kutanda, kwa hiyo haugombani sana na mahindi. Pogoa matawi ya chini kabla ya kupanda mahindi, upate kuni na mwanga. Ukiukata, kisiki huchipua tena. Bakiza chipukizi moja au mawili yaliyonyooka. Wazee waliupendea nguzo za nyumba kwa sababu mchwa hawauharibu upesi.

*Chemchemi yetu Vihiga inakauka. Tuna mikaratusi kando yake. Tuongeze lusiola?*

Mama, ondoeni mikaratusi kwanza. Tumelisema jambo hili miaka mingi: mkaratusi unakunywa maji mengi, na pahali pake si kwenye chemchemi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza ing'olewe kando ya vyanzo vya maji, na bado watu wanaipanda hapo hapo kwa sababu ya pesa za nguzo. Pesa hizo haziwatekei watoto maji. Mkishaikata, chimbeni visiki au vunjeni machipukizi kila yanapotokea, la sivyo itarudi. Lusiola msiuweke kwenye tope, hauvumilii. Pandeni mkuyu karibu na maji, na lusiola upande wa juu ambako udongo hautuamishi maji. Zungusheni miba mifugo isiingie mpaka miche ipite kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili.

*Niko Njoro. Utakubali?*

Njoro ni juu na baridi mno kwa siala. Panda mtarakwa au mtamaiyu, hiyo ndiyo miti ya kwenu.