Nyatiti kwanza, kompyuta baadaye

Albamu ya kumlilia baba nilianza kuirekodi kinyumenyume. Nilikaa chumbani kwangu Nyalenda, Kisumu, nikatengeneza midundo yote kwenye kompyuta, kisha nikamwita mzee mmoja kutoka Siaya aje apige nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, juu yake. Nikamvisha hedifoni, metronomu, ile saa ya kuhesabu mapigo, inamgonga masikioni. Hazikupita dakika mbili, akazivua.

"Mwanangu, hiki kitu kinanikimbiza."

Alisema kweli. Mpiga nyatiti ana saa yake mguuni: pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba, inagonga mti wa ala huku njuga za gara zikiitikia. Kwenye maneno mazito mzee hupunguza mwendo, kwenye sifa huuchapua. Huzuni yenyewe hukaa kwenye huko kupunguza, nami nilikuwa nimeifuta.

Kwa hiyo, ukitaka kuchanganya ala za nyumbani na muziki wa kielektroniki, mrekodi mtu kwanza. Apige wimbo mzima, usimkatize. Maikrofoni moja karibu na ngozi ya ala, nyingine karibu na mguu. Baadaye, kwenye programu, sogeza mistari ya tempo, yaani ya mwendo wa wimbo, ifuate kila pigo la pete. Ni kazi ya kuchosha. Wimbo mmoja ulinila wiki nzima, na ndio ninaoupenda kuliko zote.

Halafu kuna sauti za nyuzi. Nyatiti ina nyuzi nane, siku hizi mara nyingi ni za nailoni, zile za kuvulia samaki, na hazikazwi kwa kufuata kinanda. Nilipoweka besi ya sintesaiza chini yake, vikagombana vibaya. Tafadhali usimwombe mzee akaze upya. Kile unachokiona ni kasoro ndicho alichorithi. Pima kila uzi, kisha sogeza noti za sintesaiza kwa senti, vipimo vidogo vya sauti, noti moja baada ya nyingine. Kati ya noti mbili jirani za kinanda kuna senti 100, kwa hiyo nafasi ipo tele.

Mlipe kabla hajagusa ala, na jina lake liandikwe kwenye albamu.

Mama aliposikia toleo la kwanza aliuliza kama ni redio. La pili alilisikiliza amesimama mlangoni, hajavua leso ya jikoni, mpaka pumzi ya mwisho ya mzee kwenye rekodi. Akaniambia nirudishe mwanzo.