Mafao ya marehemu askari: uanzie wapi

Pole sana dada yangu wa Wete, uliyefiwa na mume askari na unauliza mafao yake uyafuate wapi. Shemeji yako anakuzungusha bure huko ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Mfuko ule ni wa watumishi wa SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) na wa sekta binafsi huku Zanzibar. Marehemu alikuwa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo mafao yake yanafuatwa jeshini. Angekuwa KMKM, kikosi cha SMZ cha kuzuia magendo, ningesema mengine.

Mirathi ya mali aliyoacha fungua Mahakama ya Kadhi. Una watoto naye, basi fungu lako ni thumni (moja ya nane), na kama kuna mke mwenzio mtagawana hiyo hiyo thumni. Tayarisha cheti cha kifo, cha ndoa na vya watoto vya kuzaliwa. Na usitie saini karatasi anayokuletea shemeji eti "ya kurahisisha". Mwanasheria aisome kwanza. Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi Chake Chake.