Turubai 13 za Mitume 12: nani ni nani?

Swali: Katika kitabu cha sanaa nimekuta picha za Mitume alizochora El Greco, zilizoko Toledo, Hispania. Turubai ni 13, Paulo yumo, Mathiya hayumo, na wazee wenye ndevu wanafanana mno. Nitawatambuaje?

Jibu: Hesabu yako ni sahihi. Seti ya namna hii, ambayo Wahispania huiita Apostolado, huwa na Kristo pamoja na Mitume 12, kila mmoja katika turubai yake, akionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Utata uko katika majina. Matendo ya Mitume yanaeleza kwamba kura ilimwangukia Mathiya ashike nafasi ya Yuda Iskariote. Hata hivyo wachoraji wengi waliona vigumu kumwacha nje Paulo, wakampa yeye nafasi hiyo. Seti ya Kanisa Kuu la Toledo imeongeza jambo jingine, kwa kuwa Luka, ambaye hakuwa miongoni mwa Thenashara, ameingizwa na Bartolomayo akaachwa. Binafsi sishangai: mapokeo yanasema Luka alimchora Bikira Maria, na wachoraji walimhesabu kuwa msimamizi wao. Katika seti nyingine ya El Greco, iliyoko kwenye makumbusho yenye jina lake mjini humo humo, Bartolomayo amerudi, amevaa nguo nyeupe, ameshika kisu, na kando yake yuko shetani aliyefungwa mnyororo.

Kwa hiyo usitegemee nyuso; tazama mikono. Petro ana funguo, Andrea ana msalaba wa umbo la X, na Yohana ana kikombe chenye joka dogo, kwa ajili ya simulizi la sumu ambayo haikumdhuru. Paulo hushika upanga na Simoni msumeno, vyombo ambavyo mapokeo yanasema viliwaua. Tomaso hupewa mkuki au skwea ya seremala. Shoka la mpini mrefu ndilo linalopotosha, maana Mathayo, Mathiya na Yuda Thadayo wote huweza kulishika. Hapo anza na wale usio na shaka nao, kisha uwapunguze waliobaki.

Angalia pia mwelekeo wa mwili. Kristo hutazama mbele moja kwa moja, nao Mitume kwa kawaida hugeukia upande mmoja au mwingine, kwa sababu picha zilikusudiwa kutundikwa kwa safu kuliani na kushotoni kwake. Dalili hiyo husaidia hasa pale seti inapotawanyika, kama ile ya kanisa la kijiji cha Almadrones, Hispania, ambayo picha zake nne ziko katika makumbusho ya Prado, Madrid.