Mac ama Windows: yaliyonipata studioni kabla sijajua cha kuuliza

Mama mmoja wa kwaya alinijia Umoja, hapa Nairobi, na wimbo aliokuwa ameutunza miaka minne. Alikuwa amemwachia binti yake kibanda cha mboga kwa saa tatu, na studio yangu wakati huo ilikuwa chumba kimoja tu: magodoro ukutani, blanketi mlangoni, maiki katikati, meza ya kompyuta hatua mbili kutoka hapo. Ubeti wa pili aliuimba vizuri hata nikasahau kuangalia skrini. Nilipomchezea asikie, ndani ya sauti yake mlikuwa na mlio: tss, tss-tss, kama maji yaliyodondokea karai la mafuta ya moto. Akavua hedifoni taratibu.

"Mwanangu, hii mashine yako inakaanga nini?"

"Samahani mama. Turudie kidogo."

Tulirudia mara sita. Mara ya sita mlio ulikuwa umepungua, na sauti ya mama pia. Ule ubeti wa kwanza kabisa sikuupata tena.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila wiki kuna kijana ananiuliza, "Brathe, ninunue Mac ama Windows?" na ninajua anachotaka ni neno moja. Wa Mac watamwambia Windows ni ya kuandikia barua za kuomba kazi. Wa Windows watamwambia Mac ni ya kujionyesha kwenye mikahawa ya Westlands. Mimi nimetumia zote mbili na zote zimenitia aibu mbele ya wateja, kwa hivyo sina timu. Nikiulizwa, nami huuliza: unafanya kazi na nani, na mashine ikigoma Jumamosi usiku wakati mteja anataka wimbo Jumapili asubuhi, utampelekea nani?

Lakini kwanza ule mlio, maana ndio chanzo cha ubishi huu.

Kompyuta haipokei sauti mfululizo kama maji ya bomba. Inaipokea kwa ndoo. Ndoo ikijaa, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inaichukua, inaweka nyingine. Ndoo ikiwa ndogo, mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni papo hapo, lakini prosesa ina kazi ya kukimbia. Ikichelewa hata kidogo, maji yanamwagika, na hayo ndiyo tss-tss. Ndoo hiyo inaitwa bafa. Ukiiweka sampuli 128 (sampuli ni kipande kidogo kabisa cha sauti) huku unarekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila ndoo ni milisekunde 2.7 hivi. Ukiiweka 512, ni kama 10.7, na hapo ni upande mmoja tu. Sauti inaingia na inatoka, kwa hivyo hesabu mara mbili na zaidi kidogo. Mwimbaji anayejisikia amechelewa huanza kuvuta mdundo bila kujua, nawe unadhani hajui kuimba.

Nilitumia siku tatu kumtafuta mchawi. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha tundu la USB, nikaazima kadi ya sauti ya jirani, kile kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta. Mwishowe nikaweka LatencyMon, programu ya bure ya Windows inayokuonyesha ni draiva gani (programu ndogo inayoendesha kifaa kimoja cha kompyuta) inayoishikilia prosesa hadi sauti inakosa zamu. Ilikuwa draiva ya Wi-Fi. Nikazima Wi-Fi, mlio ukaisha. Siku tatu, dawa ya shilingi sifuri, na mama ameshapelekea mtu mwingine wimbo wake.

Hapo ndipo Mac ina haki ya kujivuna. Njia ya sauti imejengwa ndani ya mfumo wenyewe, inaitwa Core Audio, na kampuni inayotengeneza mfumo ndiyo inayotengeneza mashine. Unachomeka kadi ya sauti, unarekodi. Windows inawekwa kwenye laptopu za kampuni chungu nzima, kila moja na Wi-Fi yake na draiva zake, na njia yake ya kawaida ya sauti ilikuwa na mizunguko mingi mno kwa kazi yetu. Ndiyo maana Steinberg, wale Wajerumani wa programu ya muziki ya Cubase, walileta ASIO mwaka 1997: njia ya mkato kutoka kwa programu hadi kadi ya sauti. Ukiwa Windows, nunua kadi ambayo mtengenezaji wake ameiandikia draiva ya ASIO yeye mwenyewe. ASIO4ALL, draiva ya jumla ya bure, ni mkongojo wa kukuvusha, si mguu.

Kwa hivyo Windows inaweza kutulia kabisa. Yangu imetulia mwaka wa tatu sasa: Wi-Fi inazimwa kabla ya kurekodi, umeme umewekwa kwenye hali ya nguvu kamili, masasisho yanasubiri hadi mradi uishe. Lakini ni lazima uwe mtu wa kupenda kufungua boneti. Kama hupendi, usijidanganye.

Sasa programu za kutengenezea muziki, na hapa ndipo vijana wengi hukosea mpango. Wananunua mashine halafu wanatafuta programu. Anza na programu ambayo watu unaofanya nao kazi wanaitumia. Logic Pro ni ya Mac peke yake. Haikuwa hivyo zamani. Ilikuwepo ya Windows hadi Apple walipoinunua kampuni ya Emagic mwaka 2002 na kuifungia upande huo mlango. FL Studio nayo ilianza Windows, na ya Mac iliyo rasmi haikuja hadi 2018. Hebu fikiria: miaka ishirini hivi, kijana mwenye kompyuta ya sebuleni na hamu ya kutengeneza biti alikuwa na FL, na FL ilikuwa Windows. Ukikutana na mtengeneza biti wa Kayole au Dandora anayeapa kwa Windows, si ushamba. Hapo ndipo alipojifunzia kutembea.

Niliwahi kuletewa mradi wa Logic na prodyuza mmoja wa South B, kwenye flashi, tarehe ya kukabidhi ikiwa kesho yake. Kwenye Windows yangu ilikuwa folda isiyofunguka. Nikampigia: "Mkuu, nitolee kila sauti peke yake, WAV, zote zianzie sifuri." WAV ni faili ya sauti tupu ambayo kila programu huifungua. Akanitolea, tukamaliza saa nane usiku. Tangu siku hiyo sipokei mradi, ninapokea WAV, na kasi ya mdundo imeandikwa kwenye jina la faili. Na diski ya kubebea kazi iwe imefomatiwa exFAT, mpangilio ambao Mac na Windows zote huuandikia, kwa maana Mac husoma diski ya NTFS, mpangilio wa Windows, lakini hukataa kuiandikia, na hilo utaligundua mteja akiwa amesimama mlangoni.

Ukitaka kukwepa ugomvi wote, Reaper inafanya kazi Windows, Mac na Linux, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu wa kipato kidogo ni dola 60. Sura yake haivutii, nakubali. Lakini kwa bei hiyo sioni haja ya programu iliyovunjwa kufuli unayopewa na rafiki kwenye flashi. Nimesafisha kompyuta tatu za marafiki waliopata programu za bure pamoja na wageni wasioalikwa. Mwenye Mac anayo GarageBand tayari, programu ya muziki ya bure ya Apple, na kwa mwanzo inatosha kabisa. Logic ni karibu dola 200 mara moja.

(Linux, ule mfumo wa tatu? Kama unaipenda, hunihitaji. Kama huijui, usianze kujifunza na pesa za mteja.)

Haya, mfuko. Laptopu yangu ya Windows ni ThinkPad T480, ex-UK yaani mtumba wa Uingereza, niliinunua mjini kwa shilingi 34,000. Ilikuja na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8. Nikashuka barabara ya Luthuli, fundi akafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi, akachomeka kijiti kingine cha 8, nikarudi nyumbani na GB 16 kabla ya saa sita mchana. Hilo kwenye MacBook Air ya M1, chipu ya Apple wenyewe, haliwezekani. RAM imefungwa pamoja na chipu, haiongezeki. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Kwa mtu anayepata pesa kidogo kidogo, kama wengi wetu, mashine inayokua pamoja nawe si jambo dogo. Na ikiharibika, mafundi wa ThinkPad na vipuri vyake viko kila ghorofa. Wa Mac wapo pia, ila uliza bei ukiwa umekaa.

Ukinunua ex-UK, angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa prosesa za Intel Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji atakuonyesha ya kizazi cha 6 inayong'aa kama sahani ya harusi na kukwambia "ni i7 hii, boss." Mshukuru, songa mbele. Kwa Mac vivyo hivyo: zile za Intel ni rahisi siku hizi na kuna sababu. Apple walishatangaza kwamba macOS Tahoe, toleo la mfumo wa Mac, ndiyo ya mwisho kuzikubali. M1 ya 2020 ndiyo pa kuanzia.

Mac yangu ya kwanza iliniuma. Niliinunua kwenye kibanda cha ghorofa ya kwanza mjini, shilingi 58,000, M-Pesa, risiti ya mkono. Iliwaka vizuri, ikaimba vizuri. Wiki iliyofuata nikaifuta ili nianze upya, na ilipounganishwa na intaneti skrini ikaniambia kwamba mashine hii inasimamiwa na kampuni fulani ya ng'ambo, niingize nenosiri la mfanyakazi. Mfanyakazi gani? Nilimpigia muuzaji, mteja hapatikani kwa sasa. Nikaenda kukaa pale kibandani siku mbili, kimya, kwenye stuli yake ya wateja, hadi akachoka kuniona. Alinirudishia pesa, akakata elfu sita "za usumbufu". Usumbufu wa nani, sijui hadi leo.

Kwa hiyo fanya hivi: mwambie aifute yote mbele yako, iunganishe na intaneti ya simu yako wewe, ifike hadi skrini ya mwisho bila kudai akaunti ya mtu mwingine. Kisha tazama idadi ya mizunguko ya betri (kujazwa na kumalizwa) kwenye taarifa za mfumo. Betri za MacBook Air zimekadiriwa mizunguko 1,000. Ndipo utoe pesa. Asiyekubali amekujibu.

Mbona basi nilirudi kununua Mac nyingine? Kwa sababu ya feni. Ile Air ya M1 haina feni kabisa. Katika studio kubwa yenye chumba cha mwimbaji na kioo hilo si hoja, lakini kwangu maiki na kompyuta vinalala chumba kimoja. ThinkPad ikipata joto inaanza kupumua, na maiki ya kondensa, ile ya masikio makali, inasikia kila pumzi. Nilikuwa ninaifunika kwa sanduku la viatu nililolitoboa nyuma, kisha ninaona inazidi kupata joto na kupumua zaidi. Kwa Air, kimya kile cha kabla ya mstari wa kwanza ni kimya kweli, ukiondoa jirani anayeosha vyombo. Mvua ikinyesha kwenye mabati hakuna kompyuta itakayokusaidia; pika chai mngoje.

Stima nayo. Kwa pesa hizohizo kompyuta ya mezani itakupa nguvu zaidi ya laptopu yoyote, lakini ikizimika katikati ya kurekodi unabaki umeshika kichwa, kwa hivyo iongezee bei ya UPS, betri ya akiba. Air inamaliza kikao kizima kwa betri, na faida nyingine ni kwamba ukichomoa chaja ule mngurumo wa chini unaoingia kupitia nyaya za nyumba zisizo na ethi (waya wa ardhini) nzuri unapotea. Jaribu hata kwa laptopu ya Windows kabla ya kulaumu maiki.

Ubaya wake ni matundu: mawili tu ya USB-C, yote upande mmoja. Kadi ya sauti, kibodi ya piano, diski, kile kifaa cha USB cha kufungulia programu, tayari umeshiba. Habu ya bei rahisi ya kuunganishia ilinikatia kadi ya sauti mara mbili katikati ya wimbo mmoja. Kadi ichomeke moja kwa moja kwenye mashine, vingine vigombanie habu.

Leo biti zinatengenezewa ThinkPad, sauti zinarekodiwa kwa Air. Si mpango niliouchora. Ndivyo pesa na makosa vilivyonipanga.

Kijana wa mwisho kuniuliza anatoka Kariobangi, alikuwa na shilingi 55,000 mkononi na moyo wake ulikuwa kwa Mac. Marafiki zake wote wanatumia FL. Hana mteja hata mmoja anayemlipa bado. Nilimwambia akinunua Mac atabaki na Mac, bila maiki, bila hedifoni, bila kadi ya sauti. Alinuna siku nzima. Kisha tukapanda mjini pamoja, akapata laptopu ya kizazi cha 8 kwa 31,000, na kwa zilizobaki tukapata kadi ya sauti yenye draiva yake mwenyewe na maiki, vyote vya mitumba, pamoja na hedifoni za kufunika masikio. Jana alinitumia biti kwa WhatsApp. Haikaangi. Sasa anataka kujua magodoro ya kuweka ukutani yawe ya inchi ngapi.