Kifaa cha mdomoni kilinifaa, lakini si usiku wa kwanza

Mke wangu ndiye aliyekuwa akinihesabia usiku. Nakoroma, ghafla nanyamaza, kisha nashtuka navuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini. Mimi sikuwa na habari. Nilichojua ni kwamba naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na mchana nasinzia mbele za watu. Kipimo cha usingizi kilionyesha pumzi yangu inakatika au kupungua mara 22 kwa saa. Madaktari huita 5 hadi 15 hali nyepesi, 15 hadi 30 ya wastani, na zaidi ya 30 kali.

Nilianzishiwa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa barakoa. Siisemi vibaya. Kwa kupunguza kukatika kwa pumzi inakishinda kifaa cha mdomoni, na kama unaweza kulala nayo, lala nayo. Mimi kila nikiamka naikuta barakoa chini, wala sikumbuki niliivua saa ngapi. Mashine nzuri, ila ilikuwa inatibu sakafu.

Ndipo nikaambiwa habari za kifaa cha mdomoni. Tukilala, misuli ya koo hulegea, na ulimi ukirudi nyuma njia ya hewa huzibika. Kifaa hiki kina vipande viwili, kimoja cha meno ya juu na kingine ya chini, vilivyounganishwa ili kulivuta taya la chini mbele kidogo. Taya likija mbele, ulimi nao unakuja, njia inabaki wazi.

Ubahili ukaniponza. Nilinunua kile cha kuchovya kwenye maji ya moto na kukiuma kikiwa laini. Kilichomoka kila usiku na kuniachia ufizi unaouma. Nikaenda kwa daktari wa meno. Alikagua meno, fizi na maungio ya taya kabla hata ya kuchukua alama za meno za kutengenezea kifaa changu, maana kifaa kinahitaji meno imara ya kushikilia. Wasio na meno ya kutosha wapo wanaotumia aina nyingine, inayoushika ulimi kwa kuufyonza. Na kama pumzi inakatika kwa sababu ubongo hautumi amri ya kupumua, si kwa sababu koo limeziba, kuvuta taya hakusaidii. Kwa hiyo kipimo kwanza, kununua baadaye.

Wiki za mwanzo nililowesha mto kwa mate. Asubuhi taya linauma na meno ya juu na ya chini hayakutani sawasawa. Nilipewa kipande kidogo cha plastiki cha kuuma taratibu mpaka yarudi mahali pake. Taya lilisogezwa mbele kidogo kidogo, chini ya milimita moja kwa mara. Ukiharakisha, utakitupa kabatini kwa maumivu.

Wiki ya sita mke wangu akasema, "Siku hizi nalala na mtu, si na trekta." Nikaona nimepona. Daktari akakataa, akanirudisha kwenye kipimo cha usingizi, safari hii kifaa kikiwa mdomoni. Jibu: mara 13 kwa saa. Sauti ilikuwa imekwisha, pumzi ilikuwa bado inakatika! Tukasogeza tena, tukapima tena, ikawa 4. Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, na ningekuwa mmoja wao, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imeshanipongeza.

Kila asubuhi nakisafisha kwa mswaki na maji ya baridi, kwani ya moto yanaweza kukipinda. Kwa daktari wa meno naendelea kwenda, maana kwa miaka meno yanaweza kuhama polepole bila wewe kuhisi. Na nilipoongezeka kilo 7, usingizi wa mchana ukaanza kunirudia nikiwa na kifaa kilekile mdomoni. Sikusubiri kukoroma, nimeshaweka miadi ya kupimwa upya.